Mama Hidaya Aliposema Zima

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumanne, Mama Hidaya alinyanyua mkono wa kulia akiwa ukingoni mwa kijito cha Kwekidimu, juu kidogo ya Muheza, akasema, "Zima." Nikazima. Mashine ilikuwa imewaka kwa sekunde kumi na moja. Tulikuwa tumekuja kuvua kwa umeme, kwa kibali, ili tujue ni samaki gani wanaoishi kwenye kijito kile. Tukimkuta humo sato hata mmoja, Mama Hidaya angeamriwa kukausha mabwawa yake mawili, nayo ndiyo yaliyokuwa yakimlisha tangu mumewe afariki. Nitayaeleza hayo. Kwanza inanibidi nieleze nilivyofika pale, maana mtu haingii majini na betri mgongoni kwa bahati mbaya.

Nimestaafu kwa hiari mwaka huu, na ninyi mliobaki idarani mmeniomba niandike yale ninayoyakumbuka. Wenzangu wakistaafu huandika juu ya vyeo. Mimi naandika juu ya mashine, kwa sababu vyeo vyangu havikuwa vingi, na mashine ilikuwa moja.

Nilianza kazi nikiwa na cheti cha kidato cha nne, kwenye diko moja la samaki mjini Tanga. Siku ya kwanza nilikabidhiwa mzani na daftari. Aliyenikabidhi aliniambia kuwa mzani ule ulizidisha nusu kilo, kwamba wavuvi walijua, wachuuzi walijua, na hesabu zote za pale zilikuwa zimeizoea ile nusu. Nilidhani ananieleza tatizo ili nilitatue. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimeurekebisha. Kufikia saa kumi sikuwa na rafiki hata mmoja pale dikoni, na mchuuzi mmoja alinishauri kwa upole nirudi kwetu nikalime. Nilijifunza kwamba kifaa kibovu kikikaa sana mahali kinakuwa mila. Sikujuta kukitengeneza, ila tangu siku hiyo nilizoea kuuliza kwanza nani anakitegemea.

Miaka iliyofuata niliimaliza kwenye doria za baruti, kutoka mpakani mpaka chini ya Ushongo. Huko sitakaa sana. Nitasema tu kwamba nilihutubia mikutano mingi ya vijiji nikieleza kuwa kuvua kwa baruti, sumu au umeme ni kosa la jinai, na kwamba anayemwona mtu akifanya hivyo atoe taarifa. Kumbukeni maneno hayo, maana mimi niliyasahau.

Mashine ya umeme ililetwa ndani ya sanduku la bati, pamoja na kitabu cha kurasa mia moja na arobaini. Mkuu wetu wa wakati ule alifungua sanduku, akaangalia, akalifunga. Akauliza ni nani aliyetengeneza ule mzani wa dikoni. Hivyo ndivyo nilivyopewa kazi ambayo sikusomea. Kitabu nilikwenda nacho nyumbani Mabawa, nikakisoma mezani na kamusi pembeni, kurasa mbili kwa jioni. Mke wangu alisema kuwa hata posa yake sikuiandika kwa makini kiasi kile, na ni kweli.

Kitabu kilieleza mashine vizuri. Betri inabebwa mgongoni kama begi. Mkononi unashika fimbo ndefu yenye pete ya chuma nchani, na nyuma yako unaburuta waya unaoitwa mkia. Umeme unapita majini kati ya pete na mkia. Samaki aliye karibu huvutwa kwenye pete, hupigwa na bumbuwazi, mwenzako humchota kwa wavu wenye mpini wa mbao, humtia kwenye ndoo, mnampima na kumrudisha. Baada ya dakika chache anaogelea zake, kama mtu aliyeamka usingizini asiyekumbuka nani alimgusa. Kwenye mpini wa fimbo kuna kitufe. Kidole gumba kikikibana, umeme unawaka. Kikiachia, unakatika. Kitabu hakikueleza watu.

Hayo nilifundishwa na Mzee Rajabu, fundi umeme aliyestaafu kwenye mashamba ya katani. Nilimfuata nikidhani atanionyesha nyaya. Wiki nzima hakuniruhusu kugusa waya. Kila nilipokwenda alinikalisha sebuleni kwake na karatasi, akanitaka niandike, kila taa ilipowashwa, nani yuko wapi ndani ya nyumba ile. Nyumba ilikuwa na watu tisa na kuku wasiohesabika. Siku ya tano nilimwambia kwamba nilikuja kujifunza umeme. Akajibu, "Waya hauhami, Samweli. Watu ndio wanaohama. Ukijua watu walipo, umeme utajifunza kwa siku moja." Siku ya nane alinifundisha umeme. Ilichukua siku moja kweli, na nusu yake tulikula.

Jaribio la kwanza la mashine lilifanyika kwenye mlango wa mto upande wa Pangani, mbele ya wageni waalikwa. Nilikuwa nimesoma kwamba maji ya chumvi hupitisha umeme kupita kiasi na mashine hujizima yenyewe. Niliandika barua kueleza. Nilijibiwa kuwa viti vimeshapangwa. Bahari ilikuwa ikijaa. Nilibana kitufe, mashine ikatoa mlio mmoja na kunyamaza, na kundi la mkizi likapita kati ya miguu yangu bila haraka. Mgeni mmoja alipiga makofi. Tangu hapo sijawahi kuingia majini bila kupima kwanza uwezo wa maji kupitisha umeme, na sijawahi kuwasha mashine penye viti.

Kutokana na mambo kama hayo nikaandika orodha yangu. Ilikuwa na maswali kumi na tisa, yakisomwa kwa sauti na kujibiwa kwa sauti kabla ya kuwasha. Buti zina tundu? Yupo mwenye pete, bangili au saa ya chuma? Yupo mwenye maradhi ya moyo, mjamzito, mgonjwa, mwenye njaa? Mlimani kuna wingu? Nani anajua kumrudishia mtu pumzi, na alifanya mazoezi lini? Tulikuwa watu watatu na hatukupungua kamwe: mimi na mashine, Zuhura na wavu, Chande na ndoo. Zuhura alikuwa na macho ya mwewe. Chande alikuwa na mgongo wa kubeba ndoo na mdomo usiochoka.

Juu ya orodha hiyo iliwekwa kanuni moja. Mtu yeyote aliyepo, awe ofisa au mpita njia, akisema "zima," mashine inazimwa papo hapo. Tunazima kwanza, tunauliza baadaye. Kisha wote tunatoka majini na kusoma maswali yote kumi na tisa upya. Hilo huchukua dakika arobaini, kwa sababu Chande hakuweza kujibu swali bila kisa.

Sasa Kwekidimu. Kijiji kile kimejaa machungwa, na katikati kinapita kijito kinachotoka milimani. Kijitoni wanaishi perege wa asili na samaki wengine wadogo wasiopatikana kwingi. Mama Hidaya alikuwa na mabwawa mawili ukingoni, aliyoyachimba kwa jembe na marehemu mumewe, na ndani alifuga sato, mgeni wa kutoka ziwani. Sato akiingia kijitoni huwamaliza perege wa asili, wengine kwa kuwanyang'anya chakula, wengine kwa kuzaana nao mpaka usijue nani ni nani. Ofisi ilikuwa imetoa agizo: tukague, na sato akionekana, mabwawa yakaushwe.

Nilikwenda wiki moja kabla, nikaitisha mkutano. Nilieleza mashine, kibali na ratiba. Asubuhi mapema kina mama wanafua, kwa hiyo tungeanza saa mbili. Saa sita watu wanakuja kutawadha kwa ajili ya adhuhuri, kwa hiyo tungemaliza. Alasiri mvua hushuka mlimani. Tulibakiwa na saa nne kwa siku. Mzee mmoja alisimama akaniuliza kama ni mimi yule aliyekuja miaka ile kusema anayevua kwa umeme aripotiwe. Nikasema ni mimi. Akasema, "Basi nilikuwa naomba namba ya simu ya kukuripoti." Watu walicheka muda mrefu. Nilimpa namba ya ofisi, na baadaye nilisikia kwamba alipiga.

Ndipo nikaeleza kanuni ya zima. Naona sasa kwamba niliieleza kwa majivuno. Nilisema umeme hauonekani, msiamini macho, mtu yeyote akiwa na wasiwasi aseme, nami sitabishana naye. Mama mmoja mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliuliza kama hata yeye anaruhusiwa. Nikasema hasa yeye. Akauliza ni mara ngapi kwa siku. Nikasema kanuni haina idadi. Alikuwa Mama Hidaya.

Basi ile Jumanne, saa mbili na dakika arobaini, aliponizimisha, nilitoka majini nikamwamkia tena na kumuuliza sababu. Alionyesha kwa kidevu. Hatua thelathini chini yetu mbuzi alikuwa amezamisha miguu ya mbele akinywa. Alikuwa sahihi. Orodha yangu ilitaja ng'ombe, haikutaja mbuzi. Nikaandika swali la ishirini. Tulisoma orodha, tukaingia, nikawasha. "Zima." Chande alikuwa amevaa pete ya ndoa. Alikuwa amejibu kwamba hana chuma, kwa maelezo kwamba pete ile ni ya fedha. Tulivua pete kwa sabuni, kisha Chande akasimulia ilivyonunuliwa. Zima ya tatu ilikuwa ya mpira wa kuendeshea maji shambani ulioning'inia kijitoni kutoka kwa jirani mwenye pampu ya umeme. Hiyo ilinitoa jasho, maana lilikuwa jambo la hatari kweli na sikuwa nimeliona. Kufikia saa sita tulikuwa tumevua dagaa wa maji baridi wanne na kaa mmoja.

Jumatano alikuja na kiti chake. Saa tatu kasorobo: "Zima. Huyu binti buti lake linavuja." Zuhura alisema halivuji. "Mwanangu, tangu umeingia umekung'uta mguu mara tatu. Au unacheza ngoma?" Lilivuja. Baada ya hapo alinitazama mimi, akasema zima, mikono inatetemeka, huyu hajala. Nilikuwa nimekunywa chai ya rangi. Swali la njaa lilikuwa langu mwenyewe. Akatuma mihogo na samli, maandazi, machungwa, na mtu wa Tanga anajua kwamba chakula kilichokwisha kuandaliwa hakisemwi hapana. Tulikula kwa saa moja na robo. Orodha ilifika maswali ishirini na tano. Chande alinong'ona kuwa mama huyu anatuchezea. Nilimwambia anitajie zima moja isiyo na sababu. Alifikiri, akachukua chungwa jingine.

Nilijua anaogopa nini. Kila alipokaa kimya macho yake yalikwenda kwenye mabwawa, halafu yakapanda juu ya kijito, kwenye pinda, ambako kanga nyekundu ilianikwa kwenye mti. Nilidhani anaomba Mungu.

Alhamisi saa nne Mkuu alifika kutoka Tanga, yule wa sasa, na gari. Ofisi ilitaka kujua imekuwaje siku tatu zipite kwa samaki wanne na kaa. Asubuhi ile Mama Hidaya alikuwa ameshanizimisha mara mbili. Mkuu alisikiliza maelezo yangu yote, akatazama kiti cha Mama Hidaya na birika lake, akaniambia kwa sauti ya chini, "Akisema tena, usimsikilize. Hilo ni agizo."

Niliingia majini. Ninyi mtakaoshika mashine hii baada yangu, nisomeni vizuri hapa. Nilikuwa na agizo upande mmoja na karatasi niliyoandika mwenyewe upande wa pili, na nilikuwa mtumishi mtiifu kwa miaka yote hiyo. Nikawasha. Kwa mara ya kwanza kazi ilikwenda. Samaki wadogo walianza kugeuka, Zuhura akachota, na chini ya mizizi, mbele kabisa ya pete, akaanza kupanda samaki mmoja mpana kama kiganja. Zuhura alinyoosha wavu.

"Zima! Zima!"

Hakuwa amewahi kulisema mara mbili mfululizo. Kidole changu kilikuwa kimeshaachia kabla sijakumbuka kwamba kuna agizo. Samaki mpana alizinduka, akapiga mkia, akaenda. Niligeuka. Mkuu, aliyeona joto, alikuwa amevua viatu na soksi, amekunja suruali, na mguu wake wa kulia ulikuwa majini mpaka kifundoni. Kati yake na mkia wangu wa waya palikuwa na hatua tatu, na hatua ya pili alikuwa ameinua mguu kuipiga.

Kisha Mkuu akauliza ni nani aliyesema zima. Mama Hidaya akajibu, "Mimi. Na ungekuwa wangu wa kukuzaa, ningekupiga na hii kandambili yangu." Mkuu alirudi ukingoni akavaa soksi, moja ikiwa nje ndani. Halafu akasema kwamba alikuwa akijaribu umakini wa timu. Niliandika kwenye fomu kwamba timu ilijaribiwa na ikafaulu. Hakurudia lile agizo, wala mimi sikumkumbusha.

Ijumaa Mama Hidaya alikaa kwenye kiti chake tangu saa mbili bila kusema neno. Tulipita mara tatu kutoka darajani mpaka kwenye mabwawa, kama kitabu kinavyotaka. Ule ukimya ulinisumbua kuliko kuzimwa. Nilimuuliza kama ameona kosa. "Leo mmekamilika," akasema. Kwenye ndoo tulipata perege, kambare, mkunga mmoja mkali na samaki wadogo wengi. Tulimkagua kila mmoja mkia, kwa sababu sato ana milia kwenye mkia. Hakukuwa na sato. Zuhura alihesabu mara mbili. Mama Hidaya alifumba macho, akasema alhamdulillahi, akatualika chakula baada ya swala.

Chakula kilikuwa wali wa nazi na samaki wa kukaanga, masinia matatu, na kina mama saba wa ukoo wake walikaa wakila kwa furaha ya watu waliomaliza kazi. Samaki walikuwa sato. Sikushangaa mwanzoni, nyumba yenye mabwawa. Halafu nikaangalia sahani yangu. Samaki wa bwawani, wa umri mmoja na pumba moja, hulingana kama sare za shule, na wana mafuta. Hawa walikuwa wembamba, wakubwa na wadogo, wengine kama kidole. Nikatazama nje. Kwenye uzio zilianikwa kanga saba, zote zimejaa tope mpaka kimo cha goti. Nikaweka tonge chini.

"Mama," nikasema, "hawa wametoka wapi?"

"Wametoka mtoni, baba. Wangetoka wapi?"

Akanieleza bila kuficha, kama mtu anayesimulia alivyopika. Mvua za masika zilifurika bwawa la chini, na wengine wakatoka. Aliposikia mkutanoni kwamba tunakuja, aliwaita wifi zake na dada zake. Wanawake wa kwetu hujua kutanda: wawili wanashika kanga kwenye ncha wakiikokota chini kwa chini, wa tatu anatembea mbele akipiga maji na kuwaleta samaki ndani. Walianza juu kabisa, nyuma ya pinda tusikoona, wakashuka shimo kwa shimo. Perege walirudishwa, sato walitiwa kwenye beseni. Kanga nyekundu ikiwa mtini, wanawake wamo majini. Yule mpana wa Alhamisi walimpata jioni ileile. Mdomo wa bwawa ulikuwa umeshafungwa kwa waya wa mbu, tabaka mbili.

Nilimuuliza kwa nini alinizimisha siku tatu badala ya kuniambia kweli.

"Ningekuambia, ungeandika, wangekausha," akasema. "Na ulisema umeme hauonekani, nisiamini macho. Mashine iwake, na wifi zangu wamo majini?" Akaniongezea wali. "Kila nilipokuzimisha nilikupa sababu. Ipo hata moja ya uongo?"

Nilitafuta. Haikuwepo. Na ile kubwa kuliko zote, watu saba majini nyuma ya pinda, haikuwa kwenye orodha yangu. Kwa umbali ule umeme wetu usingewafika, lakini yeye hakulijua hilo, na mimi sikujua kwamba wapo. Nilimfikiria Mzee Rajabu na karatasi zake za sebuleni, nikaona aibu ya kimyakimya. Swali la ishirini na sita ni hili: nani yuko majini tusikoona?

Nilibaki na la kuandika. Chande alishauri tuandike tulichovua sisi tu, maana ndicho tulichotumwa. Sikuweza. Niliomba beseni la mabaki, nikahesabu vichwa, sitini na vitatu, nikavipima kwa rula mbele ya kina mama waliokuwa wakicheka mpaka wakashikana. Nikaandika kila kitu: sato walitoka, wangapi walitolewa, kwa njia gani, na kwamba mashine ilipopita baadaye haikukuta hata mmoja. Niliongeza kwamba zilitumika kanga na si vyandarua, ambavyo kuvulia ni kosa, la sivyo ningelazimika kujaza fomu nyingine. Nilipendekeza mabwawa yaachwe, waya ukaguliwe kila mwezi, na kijito kitandwe na kina mama kila baada ya masika, halafu mashine ihakikishe.

Mkuu alisoma ripoti mbele yangu. Ukurasa wa nne, ulioeleza ya Alhamisi, aliusoma kwa muda mrefu kuliko mingine. Aliuliza kama unaweza kufupishwa. Niliufupisha kutoka mistari tisa hadi miwili, na mguu wake ukabaki humo. Alitia sahihi. Agizo la kukausha likafutwa, kwa masharti ya kukaguliwa tena baada ya mavuno.

Ukaguzi ule ulikuwa safari yangu ya mwisho na mashine. Waya wa mbu ulikuwa mzima, kijito kilikuwa safi, na Mama Hidaya alikuwa amemaliza kuvuna bwawa la pili juzi yake. Chini ya fomu kulikuwa na kisanduku kinachouliza thamani ya hasara iliyoepukwa, ambacho miaka yote nilikuwa nikikiacha wazi kwa kukosa la kuandika. Nikamuuliza amepata kiasi gani. Alifungua fundo la kanga, akahesabu mara mbili, akaniambia niandike vizuri wala nisikadirie: shilingi milioni mbili, laki tatu na elfu kumi na nane.